Anga Iliyodaiwa Bogota na Macho ya Kuitazama

Tarehe 3 Desemba 1976, katika mji wa Bogota, makao makuu ya Colombia, wajumbe wa nchi zinazopitiwa na mstari wa ikweta walitoa tamko ambalo mfano wake haukuwa umepata kusikika. Uganda ilikuwamo katika kundi hilo, bega kwa bega na Kenya, Zaire na Kongo ya Brazzaville. Na kutoka mabara mengine walikuwako Colombia wenyewe, Ecuador, Indonesia na Brazil. Walichokidai hakikuwa kisiwa wala mto. Walidai sehemu ya anga. Walitamka kwamba ule utepe wa mbingu ulio juu kabisa ya ikweta, umbali wa kilomita 35,786 kutoka ardhini, ambako satelaiti huizunguka dunia kwa muda uleule unaoichukua dunia kujizungusha mara moja, hata ikaonekana imesimama mahali pamoja usiku na mchana, ni mali ya asili ya nchi zilizo chini yake. Atakaye kukiweka chombo chake hapo daima, walisema, na aombe ruhusa kwanza.

Mataifa makubwa hayakukubali. Yaliushika mkataba wa mwaka 1967 unaokataza taifa lolote kujimilikisha anga za juu. Nchi za ikweta zikajibu kwamba utepe ule hauwezi kuhesabiwa pamoja na anga hizo, kwa kuwa satelaiti inasimama pale kwa nguvu ya mvuto wa dunia yenyewe. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi katika vikao vya Umoja wa Mataifa, na dai halikupata nguvu ya sheria.

Lakini pamoja na swali la mwanasheria lipo swali la askari, na hili la pili halikuulizwa sana wakati ule. Mstari wa ikweta unaikata Uganda kwa upana wa takriban nyuzi nne. Ukiupandisha upana huo hadi kimo cha satelaiti zinazosimama, unapata mpaka wenye urefu wa karibu kilomita 3,000. Mji wa Jinja, mji wa kambi tangu zama za King's African Rifles, uko nyuzi 33 mashariki na nusu nyuzi tu kaskazini ya ikweta. Mlinzi wa lindo mjini humo akiinua uso wake wima kabisa, anautazama mpaka huo. Mbale iko mashariki zaidi kidogo, na hali ni ileile. Ndiyo maana madishi ya televisheni juu ya mabati ya nyumba za miji hiyo hayainami kuelekea upeo wa macho kama yale ya Ulaya. Yametazama juu karibu wima, mfano wa bakuli la kukinga mvua, kwa sababu satelaiti yanayoipokea imesimama katika nyuzi 36, karibu juu ya utosi.

Basi mpaka ulidaiwa. Nani alikuwa zamu? Kama chombo kigeni kingeingia katika nyuzi zile nne usiku wa manane, nani nchini Uganda angekiona, akaandika saa yake, akasema ni cha nani? Kituo cha kazi hiyo hakikuwapo. Uganda ilidai shamba ambalo haikuwa na namna ya kulitembelea, na kwa habari za mpaka wake ilitegemea maneno ya walewale iliokuwa ikishindana nao. Hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wa tamko la Bogota, na udhaifu huo haukuwa wa kisheria hata kidogo.

Kazi ya kuzitazama satelaiti ilianza siku ileile satelaiti zilipoanza. Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik, mpira wa chuma wa kipenyo cha sentimita 58. Dunia nzima iliusikia kwa redio. Betri zake zilidumu majuma matatu hivi, kisha ukanyamaza. Uliendelea kuzunguka kimya hadi ukaungua hewani mwanzoni mwa mwaka 1958. Tangu hapo wataalamu walitambua kanuni moja ambayo askari wa mawasiliano hana haja ya kufundishwa: adui aliyezima redio yake hasikiki, hutazamwa. Na satelaiti haiwezi kujificha kwa kuzima taa, maana taa yake ni jua. Jua linapotua Jinja, kiasi cha saa moja jioni, ardhi huingia gizani, lakini chombo kilicho kilomita mia kadhaa juu bado kimo katika mwanga. Huonekana kama nyota inayotembea bila kupepesa, kwa dakika nne au tano, na hali hiyo hurudi tena kabla ya mapambazuko. Mzee wa kijiji kwenye miteremko ya mlima Elgon ameziona mara nyingi.

Huko Marekani, mtaalamu wa nyota Fred Whipple alikusanya watu wa kujitolea, walimu, wanafunzi na makarani, akawapa kazi ya kukaa mstari mmoja na darubini ndogo na kutaja saa chombo kinapopita. Jeshi hilo la raia lilifanya kazi nzuri kuliko wengi walivyotazamia. Kisha zikaja kamera kubwa zilizoitwa Baker-Nunn, kwa majina ya waliozibuni. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani tatu hivi na kinywa cha kioo cha nusu mita. Vituo 12 vilijengwa duniani kuzibeba. Kwa Afrika, cha kwanza kiliwekwa Olifantsfontein, Afrika Kusini ya makaburu. Katika miaka ya 1960 kamera moja ikaja Ethiopia. Afrika Mashariki yenyewe ilipewa kazi ya masikio. Huko Tunguu, Unguja, Wamarekani walijenga mwaka 1960 kituo cha redio cha kufuatilia vyombo vya Mercury vilivyobeba watu, na wananchi wengi wakaamini kwamba ni kituo cha makombora. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, serikali mpya iliagiza kiondolewe. Haikuwa ajabu. Mashine iliyoletwa na wageni, ikalindwa na wageni na kusomwa na wageni, huzaa uvumi mahali popote.

Kamera ya Baker-Nunn ilikuwa na macho makali, lakini ilitumia filamu. Filamu ilipaswa kutolewa, kusafishwa katika chumba cha giza, kukaushwa, kisha mtu akaipima nukta kwa nukta. Mpaka hapo chombo chenyewe kilikuwa kimeshavuka bara zima. Kwa mwanachuoni anayepima umbo la dunia hilo si kitu. Kwa kamanda ni habari ya jana.

Televisheni ndiyo iliyobadili mambo. Katika kamera ya televisheni ya zama zile, mwanga ulianguka juu ya bamba lililo ndani ya neli ya kioo, ukaacha alama za umeme. Mshale wa elektroni ukayasoma yale yaliyoandikwa, mstari baada ya mstari, mara 25 au 30 kwa sekunde. Umeme huo uliweza kukuzwa. Nyota hafifu ambayo jicho halioni ilitokea juu ya kioo, papo hapo, bila chumba cha giza. Katika miaka ya 1970 wataalamu wa maabara ya Lincoln, tawi la chuo cha MIT, waliziunganisha neli za namna hiyo na darubini kubwa katika jangwa la New Mexico, na wakaongeza hila moja ambayo inafaa kuelezwa kwa makini, maana ndiyo roho ya kazi nzima.

Darubini huendeshwa taratibu kuzifuata nyota, kinyume cha mzunguko wa dunia. Kwa hiyo katika picha, nyota zote zinasimama tuli. Kompyuta huitunza picha ya kwanza, ikaitwaa ya pili, ikaitoa moja katika nyingine. Kisichosogea kinafutika. Kinachobaki ni kile kilichotembea: mstari mwembamba wa mwanga mahali ambapo sekunde chache kabla hapakuwa na kitu. Askari wa doria hufanya vivyo hivyo msituni. Hahesabu miti, hutazama kilichotikisika. Na satelaiti iliyosimama juu ya ikweta, ambayo kwa mtu wa ardhini haitembei kabisa, hunaswa kwa hila hiyohiyo, kwa sababu mbele ya nyota zinazosonga magharibi yenyewe ndiyo inayoonekana kuhama.

Kituo cha kwanza cha mtambo huo, ulioitwa GEODSS, kilianza kazi Socorro, New Mexico, mwaka 1982. Vingine vilijengwa Korea ya Kusini na Hawaii. Cha nne kinawahusu zaidi watu wa Afrika Mashariki, kwa kuwa kiliwekwa katika Bahari ya Hindi, kisiwani Diego Garcia, na kuanza kazi mwaka 1987. Wenyeji wa visiwa hivyo walikuwa wamekwisha kuhamishwa kwa lazima kati ya mwaka 1968 na 1973, wakapelekwa Mauritius na Shelisheli, ili pajengwe kambi ya kijeshi. Darubini zake kubwa zina kioo cha mita moja, na wenyewe husifu kwamba zinaweza kuona kitu cha ukubwa wa mpira wa kikapu umbali wa zaidi ya kilomita 30,000. Diego Garcia iko nyuzi 72 mashariki. Kutoka hapo utepe wote ulio juu ya Uganda unaonekana vyema. Yaani miaka kumi na moja baada ya Bogota, zile nyuzi nne zilipata mlinzi wa usiku mwenye televisheni, naye hakuwa Mganda.

Warusi nao hawakulala. Katika milima ya Tajikistan, karibu na Nurek, walianza mwishoni mwa miaka ya 1970 kujenga kituo walichokiita Okno, maana yake dirisha, chenye darubini na kamera za televisheni za kutazama mpaka kilomita 40,000. Kuvunjika kwa dola yao kulikichelewesha. Kilikuja kukamilika karne mpya ilipoingia. Marekani wakati huo walikuwa wakizitupa neli za kioo na kuweka vipande vya elektroniki vinavyohisi mwanga vizuri zaidi. Neli za televisheni zimekwisha kuwa vitu vya makumbusho. Kanuni ya kufuta nyota na kubakiza kinachotembea imebaki ileile.

Hadi hapa hadithi ni ya wenye fedha, na msikilizaji wa kambini angeweza kusema kwamba haimhusu. Lakini kamera ya televisheni ilishuka bei. Ikawa ni kamera ya kulinda duka, benki na lango la kiwanda. Polisi ya Uganda imezifunga katika barabara za Kampala tangu mwaka 2018 na baadaye katika miji mingine. Zipo za aina inayoona katika mwanga hafifu sana. Ukiiwekea lenzi nzuri ya kupigia picha, ukaifunga juu ya miguu mitatu, ukaiunganisha na saa inayopokea wakati kutoka satelaiti za GPS na kuuandika juu ya kila picha, umepata kituo cha kufuatilia satelaiti. Mahali pa nyota hujulikana kwa usahihi mkubwa. Satelaiti ikikatiza kati ya nyota mbili, saa ikiwa imeandikwa, mahali pake hupimwa. Saa ndiyo yenye ukali wote. Chombo cha kimo cha chini hukimbia karibu kilomita 7.7 kwa sekunde, na mwangalizi aliyekosea sehemu moja ya kumi ya sekunde amekosea mita 770.

Mwaka 2010 jambo hilo lilithibitika mbele ya dunia. Tarehe 22 Aprili Jeshi la Anga la Marekani lilirusha chombo chake cha siri, X-37B, ndege ndogo isiyo na rubani. Kurushwa kwake kulitangazwa. Njia yake haikutangazwa. Haukupita mwezi mmoja mzima kabla haijapatikana. Waliokiona ni watu wasio na cheo cha kijeshi, wakiwamo Ted Molczan wa Toronto, Canada, na Greg Roberts wa Cape Town, ambaye alikuwa miongoni mwa waliotangulia kutumia kamera za video kwa kazi hii. Walieleza kwamba chombo kilikuwa kimo cha kilomita 400 hivi na kwamba kilirudia njia yake juu ya ardhi kila siku nne, desturi inayojulikana ya satelaiti za kupiga picha. Siri iliyogharimu fedha nyingi mno ilifunuliwa kutoka uani kwa nyumba, na mmoja wa waliofunua alikuwa katika bara hili.

Mtu akiutazama ramani anaona kwamba Cape Town haina bahati ya Jinja. Hakuna satelaiti inayoweza kuikwepa ikweta. Iwe ya Marekani, ya China au ya Urusi, iwe inapita juu ya ncha za dunia au karibu na kiuno chake, katika kila mzunguko lazima iuvuke mstari huo mara mbili. Chombo cha kilomita 400 huuvuka mara 31 hivi kwa siku moja. Zile zinazozunguka karibu na ikweta hazionekani kabisa London wala Moscow. Waitalia waliliona hilo mapema. Walisimamisha jukwaa lao la San Marco baharini karibu na Malindi, wakaanza kurusha satelaiti kutoka hapo mwaka 1967. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa hapo satelaiti ya Marekani ya kuchunguza nyota iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, kwa heshima ya sikukuu ya Kenya.

Tena, Jinja na Mbale ziko umbali wa kilomita 130 hivi kwa mstari ulionyooka, na umbali huo ni hazina. Askari wa mizinga anajua kwamba kituo kimoja cha kuangalia hutoa mwelekeo tu. Vituo viwili hutoa mahali. Kamera moja ikiwa Jinja na nyingine Mbale, saa zao zikiwa zimelinganishwa, satelaiti iliyo kilomita 400 juu ya katikati yao itaonekana mbele ya nyota tofauti, kwa tofauti ya nyuzi zipatazo 18. Kutokana na pembe hiyo kimo chake hupatikana kwa hesabu ya kidato cha sekondari. Mawingu nayo yangegawanywa. Ziwa Viktoria huzaa dhoruba zake usiku, na Elgon hukusanya mvua zake mchana na jioni. Ni mara nyingi mji mmoja huzibwa na mwingine ukabaki wazi, na katika kiangazi cha Desemba hadi Februari miji yote miwili hupata usiku safi.

Faida kwa jeshi si ya nadharia. Satelaiti nyingi za kupiga picha ardhi kwa mwanga wa jua hupangwa kupita mahali kwa saa ileile ya mchana. Zile za Landsat hupita kiasi cha saa nne asubuhi. Kambi inayojua saa za wapitaji hujua pia saa ya kutandaza na saa ya kufunika, ingawa satelaiti za rada, ambazo mawingu na giza haviwazuii, zimeipunguza kinga hiyo. Zile za siri hazimo katika orodha zinazotolewa hadharani. Huonwa na anayetazama.

Na kwa polisi yako mambo ya kuanguka. Tarehe 24 Januari 1978 satelaiti ya Kisovieti Cosmos 954, iliyobeba tanuri la nyuklia, ilianguka kaskazini mwa Canada na kutawanya vipande vyenye sumu ya mnunurisho. Kwa mujibu wa mkataba wa mwaka 1972, aliyerusha hulipa. Canada ilidai dola zake milioni 6, ikalipwa milioni 3 mwaka 1981. Tarehe 11 Julai 1979 ilifuata Skylab ya Marekani, ikatawanyika juu ya Bahari ya Hindi na Australia ya Magharibi. Ilikuwa miezi mitatu kamili tangu Kampala kukombolewa, na Waganda walikuwa na mengine ya kutazama.

Karibu zaidi na nyumbani ni tukio la tarehe 30 Desemba 2024. Katika kijiji cha Mukuku, kaunti ya Makueni nchini Kenya, pete ya chuma yenye kipenyo cha mita mbili na nusu na uzito wa kilo 500 ilishuka kutoka mbinguni mchana kweupe. Hakuna aliyeumia. Polisi walipalinda mahali hapo mpaka maofisa wa Shirika la Anga la Kenya walipofika. Shirika lilisema ni pete ya kutenganishia sehemu za roketi. Ya roketi ya nani? Katika majuma yaliyofuata wataalamu wa nchi za nje walibishana bila kuafikiana, na mkataba wa mwaka 1972, pamoja na ukali wake wote, hauna wa kumdai mpaka jina la mwenye mali lijulikane. Kijiji kama hicho kipo Bugisu, kipo Busoga. Askari wa kituo cha karibu ndiye atakayefika kwanza, awazuie watoto wasikishike, azuie mafundi wa chuma chakavu, aandike saa na upande kilikotokea. Kumbukumbu ya kamera iliyokuwa ikitazama juu usiku wa kabla yake ingekuwa ushahidi wa pili.

Uganda yenyewe imekwisha kuwa na chombo mbinguni. PearlAfricaSat-1, mche wa sentimita kumi kila upande, ulijengwa Japani na wahandisi watatu Waganda, Edgar Mujuni, Derrick Tebusweke na Bonny Omara, katika chuo cha Kyushu. Ulirushwa tarehe 7 Novemba 2022 na kuachiliwa kutoka kituo cha kimataifa cha anga tarehe 2 Desemba, siku moja kabla ya tamko la Bogota kutimiza miaka 46. Habari zake zilipangwa kupokelewa Mpoma, wilayani Mukono, magharibi ya Jinja, kwa antena. Satelaiti ndogo zinazoachiliwa kutoka kituo hicho huvutwa na hewa zikashuka na kuungua, kwa kawaida baada ya mwaka mmoja au miwili. Antena husikia mradi betri ina nguvu. Kuanzia hapo hadi chombo kinapoungua, habari zake hupatikana kwa mwenye rada au kamera.